Mtu wa ngamia kwenye nchi ya poro

Tangu nirudi kutoka Ufini, kila ninayekutana naye pale Pirates, ufuoni Mombasa, ananiuliza habari za baridi. Ilikuwa digrii ngapi, ulivaa nini, masikio je? Nitalijibu hilo mara moja nipite. Siku niliyopanda sleji, ile ya kuvutwa na poro, kulungu wa theluji, ilikuwa digrii 24 chini ya sifuri. Nikipepesa macho nilihisi kope zinagandana, na vinyweleo vya ndani ya pua vilikakamaa kwa pumzi ya kwanza tu. Lakini wenye zizi wanakuvisha: ovaroli nene juu ya nguo zako, buti kubwa, glavu mbili mbili. Ukishavaa hivyo baridi inakubakia usoni. Basi.

Lililonikaa moyoni ni wanyama, na watu wanaowafuga, na jinsi wanavyowafanyisha kazi.

Mimi ni mtu wa ngamia, na babangu alikuwa mtu wa ngamia kabla yangu. Wa kwanza aliwanunua Garissa, Mungu amrehemu, na mimi nimekua nikishika kamba mbele ya mnyama mwenye mgeni mgongoni, maji yakipwa, kutoka Pirates kwenda upande wa hoteli za Bamburi na kurudi. Kiingereza changu na Kijerumani changu nimevipata mchangani hapo. Kwa hivyo niliposimama mbele ya zizi la poro kule Lapland, kaskazini mwa Ufini, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mambo ya kazi. Kamba imefungwa wapi. Mnyama anapumua vipi. Aliyemshika ana haraka au hana.

Aliyeniita ni mdogo wangu. Yeye ni muuguzi katika mji wa Oulu, na kila akipiga simu hunambia, “Kaka, njoo uone wenzako huku wanavyofanya kazi.” Nilingoja Januari ifike katikati, wabara waliokuja kula sikukuu ufuoni wawe wamerudi kwao na shule zimefunguliwa, nikamwachia binamu yangu ngamia, nikaondoka. Mombasa niliiacha na kaskazi lake, digrii 32 kivulini. Kutoka Oulu tulipanda treni kwenda Rovaniemi, safari ya saa mbili na ushei, misonobari na theluji dirishani mwanzo mpaka mwisho.

Rovaniemi ni mji uliochomwa karibu wote mwaka 1944, wanajeshi wa Ujerumani walipokuwa wakirudi nyuma. Baada ya vita msanifu majengo Alvar Aalto akauchorea ramani mpya, na barabara zake kuu zinafuata umbo la kichwa cha poro na pembe zake. Mstari wa Aktiki unapita kilomita chache tu kutoka mjini. Wageni wengi huja kwa ajili ya Baba Krismasi, ambaye ana kijiji kizima hapo kwenye mstari. Sisi tulikipita na teksi.

Poro ndilo jina la Kifini la yule kulungu wa theluji anayechorwa kwenye kadi za Krismasi, nami nitamwita hivyo. Ni mnyama mdogo kuliko nilivyomtarajia. Bega lake lilinifika juu kidogo ya kiuno. Manyoya yake ni mazito sana, na kila unywele wa nje una uwazi ndani yake unaoshika hewa, ndiyo maana theluji ikimwangukia mgongoni haiyeyuki. Niliona mmoja amelala nje, mgongo mweupe wote, anacheua taratibu, hana habari. Joto la mwili wake halitoki nje kuifikia ile theluji.

Tulifika karibu saa nne ya asubuhi na jua ndiyo kwanza linachomoza. Lilitambaa juu ya miti, halikupanda, na saa tisa na kitu likawa limekwisha kuzama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana pale kiasi kwamba mtu anayeswali anabaki na udhu wake mmoja. Mdogo wangu amezoea. Anasema kiangazi ndicho kigumu, jua likikataa kabisa kuzama.

Mwenye zizi ni mzee wa miaka kama sabini, uso mwekundu, maneno machache. Mdogo wangu alimwambia kwa Kifini kwamba mimi ni mfugaji wa ngamia kutoka Mombasa. Yule mzee akavua glavu, akanipa mkono mtupu katika ile baridi, na kuanzia hapo akawa anazungumza na mimi zaidi ya wageni wengine.

Kitu cha kwanza alichonieleza ni kwamba poro wake hawakai pale. Pale ni mahali pa kazi. Nchini Ufini kila poro ana mwenyewe, hakuna wa mwitu katika eneo la ufugaji, na eneo hilo ni zaidi ya theluthi moja ya nchi, limegawanywa kwa vyama 54 vya wafugaji. Wanyama wenyewe ni kama laki mbili. Lakini sehemu kubwa ya mwaka wanatembea msituni wanavyotaka. Kiangazi, mbu na nzi wanapowafanya wajikusanye makundi makubwa, ndipo wafugaji nao huwakusanya ili wawatie ndama alama. Ndama humfuata mama yake, kwa hivyo unamjua ni wa nani kwa kumtazama anayemnyonyesha, kisha unamkata masikioni kwa kisu kidogo mkato wa mwenye mama. Kila mfugaji ana mkato wake, umeandikishwa, na mikato iko kwa maelfu.

Mzee akamshika dume mmoja kichwa, akanivutia sikio karibu nilione. Sikio dogo, lina manyoya mpaka ndani. Kwenye ncha lilikatwa likawa panda, na ukingoni mwa chini kulikuwa na vipande viwili vidogo vilivyotolewa, kimoja kikubwa kuliko kingine. Akaniambia anaweza kuusoma mkato wa jirani yake akiwa mbali, poro wanakimbia. Nikamtolea simu nikamwonyesha picha ya Sultani, ngamia wangu mkubwa, na ile chapa ya moto iliyo shavuni mwake ya ukoo uliomuuzia babangu. Aliitazama muda mrefu akaikuza kwa vidole.

Mgeni mmoja wa kundi letu akauliza, “Una poro wangapi?” Mzee akatabasamu tu, akageukia kamba zake. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba huku hilo haliulizwi, ni sawa na kumuuliza mtu ana pesa ngapi benki. Wala hakuwa na haja ya kunieleza. Babangu hakuhesabu ngamia wake mbele ya mtu hata siku moja, na waliomfundisha ufugaji kule Garissa hawahesabu mifugo kwa sauti.

Poro wa kuvuta sleji ni madume waliohasiwa. Hili mwenye ngamia atalielewa bila maelezo. Dume wa ngamia akiingia katika msimu wake hutoa kile kibofu chekundu mdomoni, povu linamtiririka, anasaga meno, na hapo humkalishi mtoto wa mtu mgongoni, hata kama mwaka mzima alikuwa mpole. Poro dume naye Septemba na Oktoba hafai. Anapigana, hali, anapungua mwili, halafu baadaye anaangusha pembe zake. Jike ndiye anayebaki na pembe majira yote ya baridi mpaka azae kwenye Mei, kwa sababu ana mimba na lazima alilinde shimo alilolichimba thelujini asinyang'anywe chakula. Maksai wao ni katikati, wengine wanazo, wengine zimeanguka. Aliyenivuta mimi alikuwa na pembe moja tu, ya kushoto, na alikibeba kichwa kimeinama kidogo upande huo.

Nikauliza inachukua muda gani kumfundisha. Miaka, akasema. Anachaguliwa akiwa mdogo kwa kuangalia tabia, sio ukubwa. Kwanza anafungwa kwa kamba ndefu kwenye mti, anajifunza tu kwamba kamba haimuui. Siku kwa siku anazoea mtu kumkaribia. Halafu anavuta kitu kitupu, halafu sleji tupu, halafu anawekwa nyuma ya mkubwa anayejua kazi ili amfuate. Anayekataa harudishwi tena na tena, anaachwa arudi msituni akawe poro wa kawaida. Nilitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo babangu alivyomfundisha Sultani, kwa kumfunga nyuma ya jike mzee. Lakini nimeona pia ufuoni petu ngamia walioletwa kwa lori wiki moja, na wiki ya pili wana watu mgongoni.

Hatamu zao nilizikagua kwa mikono yangu, kwa ruhusa. Kichwani ni ukanda mpana wa kitambaa, hakuna lijamu, hakuna chuma chochote mdomoni. Kigwe ni kimoja, sio viwili kama vya farasi. Shingoni kuna kitanzi cha mbao kilichofunikwa kwa ngozi laini, na kutoka hapo mipini miwili inakwenda nyuma kushika sleji. Niliingiza vidole chini ya kitanzi kutafuta kidonda, kwa sababu kidonda cha matandiko ndicho kinachokwambia ukweli wa mtu. Manyoya yalikuwa mazima. Nikaangalia wa pili na wa tatu. Mzima, mzima. Mzee aliniona nikifanya hivyo, hakusema kitu, na nadhani alifurahi.

Sleji ni gari lisilo na magurudumu. Chini ni mbao mbili ndefu zilizopinda mbele, juu yake kitanda kifupi cha mbao chenye egemeo, juu ya kitanda ngozi ya poro, na juu ya miguu yako wanakutupia blanketi nzito. Hukaa watu wazima wawili, si zaidi. Mgeni mmoja alitaka kumbeba mtoto wake mkubwa kama wa tatu, akaambiwa hapana, mtoto akapewa sleji nyingine, na hakuna aliyebishana. Kila poro anafungwa kwa kamba nyuma ya sleji iliyo mbele yake, msafara mmoja, na mbele kabisa anatangulia kijana wa mzee akitembea na kigwe mkononi.

Tulipoondoka watu walikuwa wanazungumza na kupiga picha. Tukaingia kwenye misonobari, na kidogo kidogo kila mtu akanyamaza. Hapo ndipo niliposikia miguu yao. Poro akitembea kila hatua inatoa mlio, kama mtu anayealisha vidole. Ni kano inayoteleza juu ya mfupa mdogo wa mguu, na wenyewe wanasema mlio huo unawasaidia kujuana walipo wakiwa katika giza au ukungu. Ukiwa nyuma ya msafara unausikia kwa mnyama wako, halafu kwa wa mbele yake, halafu yote inachanganyika na mkwaruzo wa mbao kwenye theluji. Ngamia hana mlio. Unyayo wake ni laini na mpana, mchangani unamsikia kwa pumzi yake tu.

Kwato ndizo nilizozitazama muda mwingi, nimekaa chini, uso wangu karibu sawa na miguu yake ya nyuma. Kila akikanyaga kwato zinatanuka mpaka upana wa kiganja, akiinua zinajikunja pamoja na theluji inamwagika. Kiangazi sehemu ya chini ni laini kama ya kukanyaga matope, na baridi ikija inakauka na kurudi ndani, ukingo wa kwato unabaki nje, mkali, wa kushika barafu na kuchimbia. Ngamia wangu na yeye wamepewa mguu wa kutozama, mmoja kwa mchanga, mmoja kwa theluji. Subhanallah. Nilikaa katika ile sleji nikawaza kwamba hakuna mtu aliyemtengenezea mnyama yeyote kati ya hawa wawili miguu ya kuwabebea watalii.

Njiani yule wangu alikuwa akishusha mdomo bila kusimama, anazoa theluji, anaendelea. Ndiyo maji yake. Mara moja msafara wote ulisimama kwa sababu mmoja alitaka kukojoa, na kijana akangoja kwa utulivu mpaka amalize. Hakumvuta. Mzunguko ulikuwa kama kilomita tatu hivi, mwendo wa kutembea, isipokuwa kwenye uwazi mmoja mkubwa juu ya ziwa lililoganda ambapo waliongeza mwendo wenyewe, sleji ikaanza kuyumba pembeni na mdogo wangu akanishika mkono kwa nguvu. Hapo upepo wa mbele ulinikata uso na nikaelewa blanketi ilikuwa ya nini.

Tuliporudi, jambo lililonivutia kuliko safari yenyewe likatokea. Poro waliotuvuta walifunguliwa wote, wakapelekwa ng'ambo ya uzio wenye miti, na kundi jingine likaletwa kwa ajili ya wageni waliofuata. Ndani ya kibanda cha vifaa kuna ubao wa mbao, mistari ya chaki, kila mnyama na idadi ya safari zake za siku hiyo. Ikifika idadi yake, amemaliza, hata kama gari la watalii limejaa. Tiketi zinanunuliwa mapema kwa saa yake, kwa hivyo wanajua tangu usiku poro wangapi watahitajika kesho yake. Hakuna anayekimbilia mgeni mchangani na kumshusha bei mwenzake. Na theluji ikiyeyuka kazi imekwisha kabisa. Mwisho wa majira, poro wote wa sleji hufunguliwa na kurudi msituni na wenzao, kiangazi chote, hakuna mgeni, hakuna kamba. Baadaye mwaka ukigeuka wanakusanywa. Nilimuuliza mzee, hawasahau kazi? Akasema siku za kwanza wanakuwa wakaidi, na ni haki yao.

Kabla hatujaingia ndani tulipewa likeni za kuwalisha. Ni kama mmea wa kijivu unaokaribia weupe, mwepesi, unakwaruza kiganja, unatambaa juu ya ardhi na mawe na hukua polepole sana. Ndio chakula chao kikuu cha baridi, wanaunusa chini ya theluji na kuuchimba. Yule mwenye pembe moja alikuja akaweka mdomo wake wote kwenye mkono wangu. Poro mbele juu hana meno, ana ufizi tu, na midomo yake ina manyoya. Alikuwa anasukuma na kukusanya, pumzi yake ya moto inaingia kwenye glavu, na nilipoivua glavu baadaye ukingo wake ulikuwa umeshaganda kwa umande wa pumzi ile. Ngamia ukimpa chakula hivyo lazima uangalie vidole, ana meno ya kweli. Tuliambiwa tusimguse kichwa wala pembe, hapendi, na nilishukuru kwamba mtu alilisema hilo waziwazi mbele ya wageni. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi. Ndani yake, nyuma kabisa, kuna kioo kinachobadilika rangi kwa majira, dhahabu wakati wa kiangazi na buluu wakati wa giza la baridi, kimsaidie kuona katika mwanga mdogo.

Kibanda cha kulia ni cha duara, moto katikati, benchi zimezunguka na ngozi juu yake. Kahawa inachemshwa kwenye birika jeusi juu ya moto, na Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani, kwa hivyo hapo nilikuwa nyumbani. Ilinikosa kashata tu. Wengine walikula nyama ya poro iliyokatwa nyembamba juu ya viazi vya kupondwa na beri nyekundu kali. Sisi tuliomba samaki, kwa sababu ya uchinjaji, na mke wa mzee alituletea samoni aliyebanikwa ubaoni kando ya moto kana kwamba alikuwa ametungoja kwa hilo. Poro ni mfugo wa nyama kwanza, hilo walilisema bila kuficha. Utalii umekuja juu yake.

Hapo kwenye moto nilimuuliza mzee kuhusu Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na upande wa Kola wa Urusi, maana mjini nilikuwa nimeona picha za watu waliovaa nguo zao za buluu na nyekundu pembeni ya poro. Mzee si Msami. Akanieleza kwamba Norwei na Uswidi ufugaji wa poro karibu wote ni haki ya Wasami, lakini Ufini hata Wafini wa eneo hilo wanafuga, na yeye amerithi kwa babu zake. Kuhusu nguo alikunja uso. Watu wa hoteli waliwahi kumwomba avae ile kanzu ili picha zipendeze, akakataa, kwa sababu si yake. Wasami wenyewe wamelilalamikia hilo miaka mingi, na mwaka 2018 bunge lao la Ufini lilipitisha kanuni za utalii unaowaheshimu. Niliwafikiria Wamasai wa ufuoni kwetu. Wako wa kweli, waliotoka Narok na Kajiado kutafuta riziki, na wako vijana wanaovikwa shuka nyekundu jioni na kurukishwa mbele ya wageni wakila. Kila mtu pwani analijua hili na sisi tunalinyamazia kwa sababu linaleta pesa. Mzee yule amekosa pesa kidogo, lakini anakaa nyumbani kwake na nguo zake mwenyewe.

Kisha akazungumza kuhusu mvua. Sikutarajia mtu wa theluji alalamikie mvua. Zamani, akasema, baridi ikifika inakaa. Sasa katikati ya majira hali ya hewa inapanda, inanyesha mvua juu ya theluji, kisha inaganda. Tabaka la barafu linafunga kila kitu, na poro anachimba mpaka kwato zinashindwa, likeni ziko chini na hazifikii. Hapo lazima mfugaji apeleke nyasi kavu na chakula cha kununua msituni, na gharama hiyo ndiyo inayowaondoa vijana katika kazi. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, na waliolipima hilo ni wanasayansi wa Ufini wenyewe. Nami nikamsimulia ukame wetu wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, mizoga ya ng'ombe kando ya barabara za Wajir na Garissa, na jinsi familia zilizokuwa za ng'ombe tupu sasa zinatafuta ngamia. Mke wake aliacha kuosha sufuria akaja kukaa asikilize.

Nimerudi, na jambo limekuwa mjadala nyumbani. Mimi nasema ngamia wetu wapate majira yao. Wasiwe ufuoni mwaka mzima, kuanzia Idi mpaka Krismasi mpaka Pasaka, wanakula nyasi za kununua na kunywa maji ya mtungi, halafu usiku wanafungwa uani Kisauni. Wapelekwe bara kwenye vichaka vya miiba wakale wanachokijua. Ami yangu, ambaye ana ngamia zaidi na miaka zaidi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza swali zuri: “Mwanangu, mbung'o je?” Na ana haki. Ukielekea upande wa Shimba Hills mbung'o wapo, na ngamia akipata ule ugonjwa wa damu anakonda mbele ya macho yako mpaka anaanguka. Hata pasipo mbung'o, wakati wa masika inzi wanaouma ni wengi na wao pia wanaueneza. Miezi ambayo wageni ni wachache zaidi, Aprili na Mei, ndiyo miezi mibaya zaidi ya kuwapeleka.

Kwa hivyo tumekubaliana tofauti na nilivyotaka mwanzo. Watakwenda kwa zamu, wawili wawili, masika yakishakatika, upande mkavu wa Samburu ya Kwale kuelekea Mackinnon Road, mbali na milima. Daktari wa mifugo atawapima damu kabla ya kuondoka na watakaporudi. Sultani atatangulia, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi muda mrefu zaidi, pamoja na Bahati, jike. Ubao wa chaki tayari nimeutundika kwenye banda, na binamu yangu ameukubali kuliko nilivyodhani, kwa sababu sasa mteja akimng'ang'ania jioni ana kitu cha kumwonyesha. Wenzetu wengine wa Pirates bado wanasema siku zenye wageni wengi hazingojei ubao. Tutazungumza tena baada ya Idi, watu wakiwa wametulia.

Linalonisumbua sasa ni mahali. Tunatafuta mtu mwenye shamba la vichaka huko Samburu au Taru, lenye kisima au bwawa linalofika mpaka Oktoba, na kijana mwaminifu wa kulala na wanyama, tutamlipa kwa mwezi. Ukimjua mtu wa hivyo, mwambie anitafute ufuoni asubuhi, kabla maji hayajaanza kujaa.